Ugonjwa Usiohesabiwa

Atajapo mtu magonjwa ya zinaa, wengi hukumbuka kaswende na kisonono. Ni wachache walijuao jina la trikomonasi, na hali kati ya magonjwa ya zinaa yaponyekayo, yasiyotokana na virusi, huu ndio ulioenea kuliko yote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 yalitokea maambukizo mapya milioni 156 kwa watu wa miaka 15 hadi 49. Kisonono kilikuwa milioni 82, na kaswende milioni 7. Bara la Afrika ndilo libebalo sehemu kubwa ya mzigo huo.

Kimelea chenyewe si kigeni. Alfred Donné alikiona kwa hadubini huko Paris mwaka 1836, na dawa yake, metronidazo, imekuwako tangu mwaka 1960 hivi. Nayo si dawa ya ghali. Basi kwa nini ugonjwa haujakwisha? Tutazame Marekani. Uchunguzi wa taifa wa miaka 2001 hadi 2004 ulikuta ugonjwa huu kwa wanawake weupe 1.3 katika kila mia, na kwa wanawake weusi 13.3. Dawa ni ile ile na nchi ni moja. Sisi hatuoni siri hapo: ugonjwa hukaa walipo watu wasiofikiwa na tiba.

Hapa kwetu mama mjamzito hupimwa kaswende na virusi vya ukimwi, na ni haki yake. Trikomonasi haitafutwi kwa desturi, ijapokuwa huambatana na kuzaa kabla ya wakati na humfungulia mlango mgeni mbaya zaidi, ukimwi. Wengi walio nayo hawaoni dalili, wanaume hasa. Hivyo mke hutibiwa peke yake, hurudi nyumbani, huambukizwa tena, kisha huambiwa kuwa yeye ndiye aliyeleta aibu. Mambo hayo twayajua sote, ingawa hatuyasemi mikutanini.

Wala asituambie mtu kwamba zahanati ya shamba haiwezi kitu. Mkoani Mwanza, kati ya mwaka 1991 na 1994, vituo vya vijijini viliboreshewa tiba ya magonjwa ya zinaa: watumishi walifundishwa, dawa zikapelekwa kwa wakati. Maambukizo mapya ya virusi vya ukimwi yalipungua kwa kiasi cha 40 katika mia.

Twawataka viongozi wa matawi na wa vyama vya wafanyakazi waulize katika zahanati zao: je, iko hadubini? Yuko ajuaye kuitumia papo hapo, maana kimelea hiki hutambulikana upesi kingali kikicheza? Na mume aitwapo kutibiwa pamoja na mkewe, je, mwajiri humpa ruhusa ya kwenda bila ya kumkata mshahara?