AJALI HII INA KINGA

Asubuhi ya Jumatatu, Juni 18, 2018, watu wa Osaka, Japani, wakiwa safarini kwenda kazini, ardhi ilitetemeka. Kwa nchi ile iliyozoea matetemeko, hilo halikuwa miongoni mwa yaliyo makubwa. Hata hivyo lifti zipatazo 63,000 zilisimama, na katika zaidi ya 300 kati ya hizo watu walifungiwa ndani.

Habari hii si ya Wajapani peke yao. Agosti 12, 2020, tetemeko lenye ukubwa wa kiasi cha 6.0 lilitokea baharini, kusini-mashariki ya Dar es Salaam, na watu wakateremka mbio kutoka katika majumba marefu. Majumba hayo yazidi kuongezeka, na kwa mzee, mgonjwa au mlemavu aliye ghorofa ya kumi, lifti si anasa bali ndiyo mlango wa nyumba yake.

Wako wasemao kwamba ajali haina kinga. Sisi hatukubali. Tetemeko ndilo lisilozuilika. Lifti ni kazi ya mikono ya binadamu.

Lifti husawazishwa na mzigo mzito wa chuma, ushukao kila chumba cha lifti kinapopanda, na vyote viwili huongozwa na reli. Jengo likitikiswa, mzigo huo waweza kuacha reli yake, na lifti ikiendelea kwenda vitagongana. Katika tetemeko la San Fernando, California, mwaka 1971, mizigo zaidi ya 600 iliacha reli. Wala umbali si salama: mwaka 2004 tetemeko la Niigata liliharibu lifti za jengo refu mjini Tokyo, mwendo wa kilomita 200 hivi, kwa kuwa jengo refu huyumba polepole, na kamba ndefu za lifti huyumba pamoja nalo. Ngazi za umeme nazo zina hatari yake, kwani hulala juu ya mihimili ya ghorofa mbili. Ghorofa hizo zikiachana, ngazi huanguka, kama zilivyoanguka baadhi katika maduka ya Japani mwaka 2011.

Wajapani hawakukaa wakilia. Tangu mwaka 2009 sheria yao yataka kila lifti mpya iwe na kifaa kinachohisi mtetemo mdogo utanguliao ule mkubwa, kikaipeleka lifti ghorofa iliyo karibu na kufungua milango. Tangu mwaka 2014 ngazi mpya za umeme lazima ziwekwe kwa namna ya kuzuia kuanguka. Lakini Osaka yatufundisha kuwa kifaa peke yake hakitoshi. Lifti iliyosimamishwa na tetemeko yapasa kukaguliwa na fundi kabla ya kwenda tena, na mafundi hawawezi kufika katika maelfu ya majengo kwa saa moja.

Kwa hiyo twataka kila mwenye jengo refu ajiulize maswali matatu. Je, lifti yake ina kifaa cha kuhisi tetemeko? Je, yuko fundi ajulikanaye, atakayeitwa siku hiyo? Je, ngazi za kawaida zi wazi na zina taa, au zimefungwa kwa kufuli na kujazwa makasha?

Mwananchi naye ana wajibu wake. Tetemeko likimkuta ndani ya lifti, abonyeze vitufe vya ghorofa zote na atoke itakaposimama kwanza. Akifungiwa, apige kengele na angoje msaada, asilazimishe mlango. Aliye nje asiikimbilie lifti.

Gharama ya haya yote ni ndogo wakati jengo lingali katika karatasi za mchoraji, na huwa kubwa likiisha kusimama. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu, ndugu wasomaji, ndani yake mna watu.