Mlima nao una ushuru wake

Lori la saruji kutoka Tanzania likishavuka mpaka wa Kabanga na Kobero, nyaraka zikagongwa mihuri na kodi ikalipwa, safari ngumu bado iko mbele. Litapita Muyinga, Ngozi na Kayanza, kisha lifike Bugarama, juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Kuanzia hapo, ndani ya kilomita zipatazo 35, barabara inashuka hadi Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika lililo kwenye mita zipatazo 770. Kila dereva anaujua mteremko huo kwa harufu ya breki.

Huo ndio mgongo wa Kongo na Nili, safu inayotoka Rwanda na kupita magharibi mwa Burundi. Kilele chake cha Heha kinazidi mita 2,600. Mvua ikinyesha upande wa magharibi, maji huishia ziwani na hatimaye Mto Kongo. Ikinyesha mashariki, hufuata Ruvubu na Kagera hadi Ziwa Victoria na Nili.

Mlima huo ndio pia unaozaa biashara. Viazi na chai hutoka juu kwenye baridi. Mchele, mawese na samaki hutoka chini kwenye joto. Vijana wa baiskeli hushuka na mikungu ya ndizi, kisha hupanda wakiwa wameshikilia malori kwa nyuma, wakihatarisha maisha kwa faida ndogo.

Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, vikao vingi vimejadili ushuru na vibali. Ni sawa. Lakini udongo ukiporomoka na kufunga barabara, muuza nyanya hana forodha ya kumlalamikia. Mzigo unaoza, mkopo unabaki. Februari 2014, maji yaliyoteremka kutoka milimani yaliua makumi ya watu katika vitongoji vya kaskazini mwa Bujumbura.

Wapo wanaosubiri reli ya Uvinza hadi Musongati imalize tatizo. Reli hiyo itasaidia sana, ila Musongati iko mashariki ya safu. Shehena ya Bujumbura, na ile inayoendelea Gatumba hadi Uvira, bado italazimika kuvuka mlima.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mitaro ya barabara isafishwe kabla ya mvua za Septemba, si baada ya maporomoko. Miti na matuta kwenye miteremko, pamoja na msitu wa Kibira, vihesabiwe kuwa sehemu ya barabara, kwa kuwa ndivyo vinavyoushika udongo. Njia ya ziwa kati ya Kigoma na Bujumbura iimarishwe ili barabara ikifungwa, mzigo uwe na pa kupita. Na barabara inapofungwa, habari ifike Kobero siku hiyo hiyo, mfanyabiashara aamue mwenyewe kusubiri au kuuza Muyinga.

Wenye malori nao wana wajibu wao. Anayezidisha uzito ili kuokoa safari moja huichimba barabara ambayo kesho ataihitaji, na huweka rehani roho za walio chini ya mteremko.

Mawaziri wa Jumuiya wanapokutana kuhesabu gharama za biashara, mlima huu nao uingie kwenye hesabu.