Kompyuta ya mwaka wa kwanza: mzazi wa Msamala aambiwe mapema

Mkoani Ruvuma fedha ya mahindi huonekana katikati ya mwaka, pale Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) na wafanyabiashara wanapoanza kununua. Vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba au Novemba. Kwa hiyo mzazi wa Msamala, kata iliyomo ndani ya Manispaa ya Songea, hulazimika kumnunulia mwanawe kompyuta mpakato wakati fedha ipo mkononi, mara nyingi kabla hajajua hata kijana amepangiwa chuo gani. Akisema asubiri mpaka chuo kifunguliwe, fedha hiyo itakuwa imeishia kwenye mbolea ya msimu mpya na ada za wadogo wa kijana huyo.

Ananunua nini? Anachoambiwa dukani. Mara nyingi ni mashine ya mtumba: Dell Latitude, HP EliteBook au Lenovo ThinkPad zilizostaafishwa na maofisi ya Ulaya au Ghuba. Sina ugomvi na mtumba. Mashine hizi zilitengenezwa kwa kazi ngumu, vipuri vyake vinapatikana, na fundi wa mtaani anazijua. Shida ni kwamba muuzaji husifia ukubwa wa diski na RAM, na hakuna anayeuliza kuhusu waifai. Huko chuoni waifai ndiyo njia ya kila kitu: kusajili masomo, kusoma matokeo, kupakua maandiko ya mhadhiri, kufungua majarida ya maktaba.

Na mtandao wa chuo haufanani na ule wa nyumbani. Nyumbani familia nzima hutumia nenosiri moja. Chuoni kila mtu huingia kwa akaunti yake. Mfano ni eduroam, mfumo ulioanzia Uholanzi mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ambao hapa nchini unaratibiwa na TERNET, mtandao wa elimu na utafiti wa Tanzania. Mwanafunzi wa chuo mwanachama anaweza kufungua mashine yake katika chuo kingine kilicho mwanachama, hata nje ya nchi, akaunganishwa kwa jina na nenosiri lile lile.

Ili hilo lifanyike kwa usalama, kompyuta hukagua kwanza cheti cha seva ya chuo kabla ya kuikabidhi nenosiri. Ukimsikiliza anayekwambia "wewe bonyeza tu kubali", mtu mwenye nia mbaya anaweza kutega mtandao bandia wenye jina hilo hilo akavuna nenosiri lako. Kuna na kasoro ndogo inayosumbua mashine za zamani: betri ndogo ya saa iliyo ndani ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka mingi kila mashine inapozimwa na kuchomolewa umeme. Kwa tarehe hiyo cheti kinaonekana hakijaanza kutumika, na mashine inakataa kuunganishwa. Mwanafunzi atalaumu mtandao wa chuo, kumbe angebadilisha betri yenye ukubwa wa sarafu yangekwisha.

La masafa nalo lijulikane kabla ya fedha kutoka mfukoni. Waifai ya gigahezi 2.4 kwa kawaida ina chaneli tatu tu zisizoingiliana. Katika ukumbi wenye wanafunzi mia kadhaa, kila mmoja na simu yake, hapo hapapitiki. Gigahezi 5 ina nafasi kubwa zaidi, ingawa kuta huidhoofisha haraka. Kuna mashine nyingi za zamani ambazo hazioni kabisa gigahezi 5. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri, andika netsh wlan show drivers, kisha usome aina za redio zilizotajwa. Ukikuta 802.11ac au 802.11ax, mashine hiyo ina gigahezi 5. Orodha ikiishia 802.11n peke yake, kuwa na shaka, au weka kando fedha ya kununua kifaa cha waifai cha kuchomeka kwenye USB.

Halafu kuna Windows yenyewe. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inakubali rasmi prosesa za kizazi cha nane na kuendelea, isipokuwa chache sana. Mashine za kizazi cha nne hadi cha sita bado zinauzwa kana kwamba hakuna kilichobadilika. Anayeinunua kwa kusoma ualimu au sheria anaweza kuweka Ubuntu, ambayo ni bure na inaingia eduroam bila taabu. Mwanafunzi wa uhandisi anayehitaji AutoCAD hana njia hiyo. Windows ya kuibia, yenye programu za kuivunja kufuli, nashauri iachwe kabisa, kwa sababu virusi hupitia humo humo.

Wapo wanaosema simu inatosha. Kwa kusoma, sawa. Kwa kuandika ripoti ya utafiti yenye majedwali, hapana. Wengine wanataka Bodi ya Mikopo ibebe mzigo, lakini fedha yake ya vitabu na viandikwa ni hadi shilingi 200,000 kwa mwaka, na bumu la chakula na malazi lina kazi yake. Serikali nayo iliwahi kusamehe VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu mwaka 2021, kisha msamaha ukaondolewa mwaka uliofuata. Ningependa urudi na uguse kompyuta mpakato pia. Wakati huohuo mradi wa HEET, kwa mkopo wa dola milioni 425 wa Benki ya Dunia, unajenga na kuviwekea vifaa vyuo vikuu vya umma, TEHAMA ikiwemo. Kifaa cha mwanafunzi, ambacho bila hicho waifai ya chuo haimfai kitu, kimeachiwa hekima ya muuzaji.

Kinachohitajika ni ukurasa mmoja wa Kiswahili: waifai ipi, prosesa ipi, RAM kiasi gani, kwa kozi ipi. Kuuweka kwenye barua ya kujiunga ni kuchelewa, maana barua hufika wakati mashine imeshanunuliwa. Mahali pake ni mwongozo wa udahili ambao Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) huutoa kila mwaka kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa. Wapo watakaohofia kwamba ukurasa huo utageuka kigezo cha kuwazuia watoto wa maskini. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana uandikwe wazi kuwa ni ushauri. Lakini anayeumia zaidi leo ni huyo huyo maskini, kwa sababu akikosea hana fedha ya kununua mara ya pili.

TCU, wekeni ukurasa huo katika mwongozo wa msimu ujao. Na wewe mzazi, kabla hujatoa fedha, mwambie muuzaji aiwashe mashine, aiunganishe na waifai mbele yako, na akuonyeshe tarehe inayosomeka.