"Naam" ya Nyumbani na "Naam" ya Kortini

Zamani, nilipokuwa ningali kijana katika kazi hii ya kalamu, mhariri wangu alikuwa akinipeleka kortini kuandika habari za kesi. Siku moja aliletwa kizimbani kijana wa kwetu, umri wake haukupita miaka ishirini, ameshtakiwa kuiba baiskeli. Karani alimsomea shtaka mbio mbio kama asomaye bei za sokoni, kisha akamwuliza: "Umelisikia shtaka?"

Kijana akainamisha kichwa, akajibu: "Naam."

Karani akamgeukia hakimu akasema kwa Kiingereza kwamba mshtakiwa amekubali kosa. Hakimu akaandika. Muda wa kunywa kahawa haukupita, kijana kapewa miezi sita. Ndipo alipoanza kulia na kuuliza ni nani aliyesema kwamba yeye ameiba.

Msomaji wa Mombasa, Lamu au Malindi hana haja ya kufasiriwa neno hilo. Mtoto wa kwetu akiitwa na mamake haitiki "nini", huitika "naam". Maana yake ni nakusikia, nipo mbele yako kwa adabu. Kijana yule aliitika kama alivyolelewa, na malezi mema yakamfunga.

Wala sheria yenyewe haikuwa na kasoro. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufaa ya Afrika ya Mashariki, katika kesi ya Adan, ilieleza wazi namna ya kumwuliza mtu kama amekosa au hakukosa. Aelezwe shtaka na kila sehemu yake kwa lugha anayoifahamu. Maneno yake aliyoyatamka yaandikwe kama yalivyo. Asomewe namna mambo yalivyotokea, na akipinga, basi kule kukiri kufutwe. Mpaka leo mahakama za Kenya hufuata hukumu hiyo. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika ibara ya 50, yampa mshtakiwa mkalimani bila ya malipo ikiwa haifahamu lugha ya kesi. Lakini sheria huwa karatasini, na kortini huwa mna watu. Aliyekosekana siku ile ni mtu mmoja tu wa kusimama akasema: "Mheshimiwa, naam ya huyu si ya kukiri."

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya mwenzangu mmoja wa barazani. Binti yake amepita vyema mtihani wa kidato cha nne, na anataka kwenda chuo kikuu kusoma kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu na haki za jinai. Baba mtu amekasirika. "Ndugu yangu," aliniambia, kikombe mkononi, "nimemtia chuoni tangu ana miaka minne, amehifadhi juzuu kumi, leo akawe askari?"

Nilimjibu kwamba neno hilo jinai linalomtisha ni letu. Limetoka katika Kiarabu, na sisi wawili tulikaa mkekani mbele ya maalimu mmoja tukisoma mlango wa jinayat katika kitabu cha Abu Shuja. Tuliusoma, tukaufunga. Korti ya kadhi, kwa ibara ya 170 ya Katiba, hukata mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, tena baina ya Waislamu waliokubali kwenda mbele yake. Mambo ya wizi, mihadarati na kupigana visu yako katika jengo jingine. Sisi tumejitahidi kumtafutia kadhi vijana wenye elimu, na ni vyema, lakini watoto wetu wanafungwa katika jengo lile ambalo hatukumpeleka mtu.

Nikasema pia kwamba askari ni mmoja tu katika watu wa kazi hizo. Yuko ofisa wa probesheni, na huyu watu wetu hawamjui hata kidogo. Kabla ya kutoa hukumu hakimu aweza kumwagiza akaitazame hali ya mtu. Huenda nyumbani kwake, akazungumza na wazazi, na mzee wa mtaa, na hata aliyekosewa, kisha akaandika ripoti. Kwa ripoti ile mtu aweza kwenda jela, au akabaki kwao chini ya uangalizi, au akafagia hospitali kwa sheria ya huduma kwa jamii ya mwaka 1998. Sasa fikiri ripoti hiyo inaandikwa na mtu asiyejua kwamba mama wa Kiswahili akimwambia mgeni "huyu mtoto amenishinda", huenda analalamika kwa mapenzi tu. Ataandika kuwa familia imemkataa. Nani atamsahihisha?

Hata hivyo sikumdanganya mwenzangu. Shahada ya kriminolojia haimfanyi mtu wakili. Wakili husoma shahada ya sheria miaka minne, kisha huingia Kenya School of Law, na hufanya kazi chini ya wakili mwingine kabla ya kuapishwa. Wazazi wengi huchanganya mambo haya mawili, wakaja kulia fedha zimekwisha. Kazi za probesheni na magereza nazo hutangazwa kwa nadra, na wanaoziomba ni wengi mno. Vyuo vijulikanavyo kwa somo hili ni kama Egerton kule Njoro na Masinde Muliro kule Kakamega, si karibu kwa binti wa mtu. Na mkopo wa serikali wa wanafunzi una riba. Hapo mimi nanyamaza, nawaachia masheikh.

Mwenzangu hakunijibu. Aliuliza tu Kakamega ni mwendo wa siku ngapi kwa basi, nami nikaona mlango umefunguka kidogo.

Jioni yake binti mwenyewe alikuja nyumbani, amefuatana na nduguye mdogo. Alikuwa amekwisha kusimuliwa na babake kisa cha kijana wa baiskeli. Hakuniuliza habari za vyuo wala za kazi.

"Ami," alisema, "yule kijana alikata rufani?"

Nikamwambia sijui.

"Na jina lake?"

Sikulikumbuka. Siku ile niliandika mistari minne gazetini, kwamba mwizi wa baiskeli amekiri kosa na kufungwa miezi sita, kisha nikaenda zangu kula chakula cha mchana.