Petroli ya Ziwa Albert: hatari ya bomba linalotetemeka chini ya maji

KILO, Ituri – Wakaaji wa Kilo, wilayani Djugu, wanajua vizuri namna utajiri wa chini ya ardhi unavyoweza kutoka na kuacha mashimo. Leo jimbo la Ituri linaangalia utajiri mwingine: petroli ya Ziwa Albert. Mwezi wa Julai 2022, Kinshasa iliweka kwenye mnada vitalu 27 vya petroli, vikiwemo vya bonde la Albert. Mnada huo ulifutwa Oktoba 2024, lakini petroli haijahama. Ng'ambo, upande wa Uganda, kampuni za CNOOC na TotalEnergies ziko kazini.

Swali ambalo haliulizwi sana ni hili: siku bomba likipitishwa majini, nani atahakikisha halikatiki?

Bomba linaweza kukatika bila kupigwa na kitu. Tazama kamba iliyovutwa katikati ya mto: inatetemeka. Maji yakipita kwenye kitu cha mviringo hufanya vizingia nyuma yake, kimoja kushoto, kingine kulia, na kila kimoja kinakivuta upande wake. Kwa bomba la upana wa sentimita 20, katika maji yanayokwenda nusu mita kwa sekunde, mvuto huo unakwenda na kurudi mara moja kila sekunde mbili, yaani zaidi ya mara 43,000 kwa siku. Mwendo huo ukilingana na mtetemo wa asili wa bomba lenyewe, bomba huanza kucheza kwa nguvu. Chuma huchoka kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa, mwisho kinapasuka. Hatari ni kubwa pale mchanga unapochukuliwa na maji na kipande cha bomba kubaki kinaning'inia.

Dawa zipo. Ya kwanza ni kulifukia bomba. Ya pili ni kulizungushia mbavu kama nyuzi za skrubu, ili vizingia visiungane kwa mpigo mmoja. Lakini mbavu hizo zinafanya maji yalisukume bomba zaidi, kwa hiyo nanga lazima ziwe imara. Zikifunikwa na majani ya majini, nguvu yake inapungua, lazima zisafishwe. Kwa hiyo ni gharama ya kila mwaka, si ya siku ya uzinduzi tu.

Uganda ilichagua njia ya kukwepa tatizo. Huko Kingfisher, visima vinachimbwa kutoka nchi kavu na kupita chini ya sakafu ya ziwa. Rwanda ilikubali kuingia majini: mtambo wa KivuWatt, uliozinduliwa 2016, unavuta gesi ya Ziwa Kivu kwa mabomba yanayoshuka mamia ya mita.

Ziwa Albert halifikii hata mita 60 kwenda chini, na upepo wake wavuvi wa Tchomia, Kasenyi na Mahagi-Port wanaujua. Mafuta yakimwagika, wao ndio watakaolala njaa kwanza.

Sheria ya hidrokaboni ya Agosti 2015 inadai uchunguzi wa athari kwa mazingira. Wabunge wa Ituri na mashirika ya raia wadai uchunguzi huo ujibu wazi: bomba litapita wapi, litafukiwa ama litavikwa mbavu, nani atalikagua na kila baada ya muda gani. Maswali hayo yaulizwe kabla ya mkataba kutiwa sahihi. Baada ya hapo, Kilo inajua, majibu yanakuwa magumu kupatikana.