Mbwa Si Tairi la Tatu

Lugha yetu haikumtendea mbwa insafu. Tukitaka kumtukana mtu twamwita kwa jina lake. Tukitaka kumwonya anayejizoesha na wasiofaa, twamwambia ukimzoea mbwa atakufuata msikitini. Ndiyo maana msomaji wa visiwani akisikia kwamba huko Ujerumani na Austria watu hufunga safari za baiskeli za wiki nzima pamoja na mbwa wao, na baadhi yao humkokota mnyama ndani ya tela lenye paa na dirisha la wavu, jambo la kwanza linalomjia ni kicheko. Husema: hawa wameshiba hata shibe imewalevya. Nami nasema kicheko hicho kimeangukia pasipo pake. Yule anayemkokota mbwa wake anastahiki heshima. Anayestahiki lawama ni mwengine, na huyo hachekwi na mtu, bali husifiwa.

Namkusudia yule aliyemfunga mbwa ukanda, akauunganisha na fremu ya baiskeli, akapiga pedeli na kumwacha mnyama akimbie kando yake siku baada ya siku, kisha akatusimulia kwamba amepata mwenzi wa safari. Ningemsihi aliangalie neno hilo. Kazi ya kufasiri humlazimisha mtu kuuliza kila neno limebeba nini, na mwenzi wa safari ni yule awezaye kusema "tupumzike" na akasikilizwa. Mbwa hajui kama zimebaki kilomita 2 au 40. Anachojua ni kwamba bwana wake anaondoka, naye hataki kuachwa. Humfuata akiwa mzima, humfuata akichechemea, na wako waliomfuata hadi wakaanguka. Utiifu huo ndio mpanda baiskeli anaoufasiri kuwa ni furaha, na kutokana na tafsiri hiyo mbovu hutoka madhara yote yanayofuata.

Natuzitazame hesabu. Njia mashuhuri ya kando ya mto Danube, kutoka Passau hadi Vienna, ni kiasi cha kilomita 320. Anayeigawa kwa siku saba atakwenda takriban kilomita 46 kila siku, na safari hizi hufanywa zaidi katika miezi ya joto. Mwanadamu hutoa jasho mwili mzima, na upepo wa mwendo humpoza. Mbwa hana jasho la kumfaa ila kidogo nyayoni; hujipoza kwa kuhema na kutoa ulimi. Joto la mwili wake wa kawaida ni nyuzi 38 hadi 39. Likipindukia 41 maisha yake yamo hatarini. Wenye pua fupi hata kuhema huko hukuwezi vyema. Nayo lami iliyopigwa na jua la mchana huweza kupita nyuzi 50, na juu ya lami hiyo mmoja ana mpira wa tairi na mwengine ana ngozi ya nyayo zake. Hao ndio wenzi wawili tunaoambiwa wanasafiri pamoja.

Watetezi wao hukimbilia sheria. Ni kweli kwamba kanuni za barabarani za Ujerumani zakataza kumwongoza mnyama kutoka kwenye gari, na kwa mpanda baiskeli zimemruhusu mbwa peke yake. Ruhusa hiyo wameigeuza fatwa. Lakini kutoka kwenye kuruhusiwa kupita na mbwa barabarani hadi kumkimbiza kilomita 46 pana masafa marefu, na masafa hayo hayapimwi na askari wa barabarani. Hupimwa na dhamiri ya aliyeshika usukani.

Wengine hutuletea mfano wa mbwa wa Alaska, wanaokokota sleji katika mashindano ya Iditarod, yaliyoanza mwaka 1973, kwa masafa ya karibu kilomita 1,600. Mfano huo unawahukumu wao wenyewe. Mbwa wale hukimbia katika baridi kali, wamefunzwa kwa muda mrefu, na vituoni wapo madaktari wa wanyama. Mbwa aliyechoka au kuumia huachwa kituoni na msafara ukaendelea bila yeye. Na hata hivyo mashindano hayo hayajasalimika na lawama. Mtalii wa kiangazi hana baridi ile wala daktari yule. Ana mbwa aliyezoea kulala sebuleni, na ana ratiba ya kulala hotelini.

Ndipo narudi kwenye tela linalochekwa. Mbwa wa kilo 25 ndani ya tela ni mzigo ambao kila mwinuko humkumbusha mpanda baiskeli, na hapo ndipo ilipo haki: aliyeichagua safari ndiye anayeilipia kwa mapaja yake. Mnyama ashushwe asubuhi penye majani na ubaridi, akimbie kwa mwendo wake mwenyewe, anuse anachotaka kunusa, anywe maji, kisha arejeshwe kivulini. Asiyekuwa tayari kwa uzito huo amwache mbwa kwa jamaa anayemjua. Huzuni ya wiki moja haiui kama joto.

Liko pia lalamiko la karatasi. Tangu Julai 2004 Umoja wa Ulaya uliweka pasipoti ya wanyama wa nyumbani, na chanjo ya kwanza ya kichaa cha mbwa haina budi kutimiza siku 21 kabla ya kuvuka mpaka. Wako wanaoyaita hayo maudhi ya makarani. Sisi wa visiwani hatuna nafasi ya kukubaliana nao. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Pemba ilijitahidi kuwachanja mbwa wake hata ugonjwa ukatoweka mwaka 2014. Mwaka 2016 ukarudi kutoka nje ya kisiwa, ikabidi kazi ianzwe upya hadi ukatoweka tena mwaka 2018. Bahari nzima haikutosha kuwa ukuta. Anayevuka mipaka na mbwa asiyechanjwa, kwa baiskeli au kwa jahazi, anacheza na watoto wa watu.

Nasi tuliozoea kucheka tuna deni letu. Katika mapokeo yetu wenyewe mbwa wa watu wa pangoni hakusahauliwa katika kisa chao, na mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kiatuni kwa ajili ya mbwa mwenye kiu alisamehewa. Tohara ni mlango mmoja na rehema ni mlango mwengine. Aliyekatazwa kumlaza mbwa chumbani hakupewa ruhusa ya kumpiga mawe njiani.

Basi anayetaka kumchukua mbwa katika safari na ashuke kwenye baiskeli kila saa, amwekee maji, amkague nyayo moja moja. Akimkuta anahema bila kutulia, safari ya siku hiyo imekwisha, hata kama hoteli imeshalipiwa.