Vidonge vya Maumivu na Wakimbiaji Wetu

Mbio ndefu zinazidi kupendwa katika visiwa vyetu, na kila alfajiri vijana, wake kwa waume, huonekana barabarani wakifanya mazoezi. Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini yapo mazoea yanayofuatana na mbio hizo duniani ambayo hatuna budi kuyatahadharisha mapema: kumeza vidonge vya kutuliza maumivu, kama vile ibuprofeni na diklofenaki, ili mkimbiaji asisikie magoti wala misuli.

Huko Bonn, Ujerumani, wataalamu waliwahoji washiriki wa marathoni ya mwaka 2010, wakakuta karibu nusu yao walimeza dawa za aina hiyo kabla ya kuanza. Waliomeza walipata matatizo mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Tisa kati yao walilazwa hospitali. Watatu kwa sababu mafigo yalishindwa kufanya kazi kwa muda, na wanne kwa kutokwa na damu tumboni. La kusikitisha zaidi, wengi mno hawakuwa wameelezwa na mtu yeyote hatari za dawa walizozimeza.

Sababu yake si fumbo. Mtu anapokimbia kwa saa nyingi, damu huelekea kwenye misuli na ngozi, na mafigo hupata kidogo. Mwili hujihami kwa kutoa kemikali zinazoacha wazi mishipa ya mafigo na kulinda utando wa tumbo. Vidonge hivi huzizuia kemikali hizohizo. Basi mkimbiaji huondoa maumivu, na pamoja nayo huondoa kinga yake. Ikiwa hayo yalitokea Bonn, mwezi wa Aprili, sisi wenye joto na jasho jingi tuna sababu kubwa zaidi ya kuogopa.

Wako watakaosema kwamba kama dawa ni mbaya ingekatazwa. Hoja hiyo haina nguvu. Tramadoli imepigwa marufuku mashindanoni tangu Januari 1, 2024, kwa amri ya Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa Haramu Michezoni, lakini ibuprofeni haimo katika orodha hiyo. Orodha ile haikuandikwa ili kumpimia kila mwananchi afya yake. Hapa sheria haitatuokoa. Kitakachotuokoa ni elimu.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa wenye mamlaka ya michezo na ya afya washirikiane. Kila fomu ya kujiandikisha katika mbio ndefu iwe na onyo fupi, kwa Kiswahili chepesi, kwamba vidonge hivi visimezwe kabla ya mbio wala katikati yake bila ushauri wa daktari. Waganga watakaokuwapo njiani wamuulize kila anayeanguka amemeza nini. Wauza dawa nao wasione taabu kumuuliza kijana anayenunua usiku wa kuamkia mashindano. Gharama yake ni karatasi na maneno machache.

Kwa wakimbiaji wenyewe tunasema: maumivu ni mjumbe wa mwili, na mjumbe hauawi. Anayeumwa apunguze mwendo, na akizidiwa asimame. Mbio nyingine zitakuja. Mafigo mengine hayaji.